Mbwa mdogo, kazi kubwa: Mjue chihuahua kabla hujamleta nyumbani

Na MWANDISHI WETU

KATIKA mtaa wa Chechelesi mjini Isiolo, kama ilivyo katika mitaa mingi ya kaskazini mwa Kenya, mbwa ana kazi yake inayojulikana. Hulala nje, hubweka usiku, hulinda mbuzi na kuku, na chakula chake ni makombo yaliyosalia. Hapana anayemwosha kwa sabuni wala kumpakata. Ndiyo maana wengi hucheka wanapoona kwenye runinga au kwenye simu mbwa mdogo kuliko paka, masikio yamesimama kama ya popo, macho makubwa ya duara, amebebwa ndani ya mkoba na bibi aliyejipamba.

Walakini, kicheko hicho huenda siku moja kikageuka kuwa swali la nyumbani. Mbwa wa jinsi hiyo wanauzwa Nairobi, na matangazo yao hufika popote penye simu. Barabara ya lami itokayo Nairobi kwenda Moyale inapitia Isiolo, na mwana anayefanya kazi jijini hashindwi kumletea mamake zawadi ndani ya katoni. Watoto watashangilia. Mama naye ataulizwa na jirani kabla jua halijatua: "Mama Nani, hicho ni nini?"

Makala haya ni ya jamaa iliyo na hamu ya kumfuga mbwa huyo, au ambayo tayari imeletewa. Tutaeleza ni mbwa gani, ametoka wapi, na anahitaji nini ili aishi vyema katika mji wa joto, vumbi, mifugo na majirani wa dini mbalimbali kama Isiolo. Neno moja tulitangulize: mbwa akipungua ukubwa, kazi ya kumtunza haipungui. Kinachopungua ni nafasi ya kukosea.

Ametoka wapi?

Kuna aina nyingi za mbwa wadogo wa kupakatwa. Wako pomeranian wenye manyoya mengi, maltese weupe kama pamba, pekingese na pug wenye pua bapa. Aliye mdogo kuliko wote ni chihuahua, ambaye jina lake hutamkwa "chiwawa". Jina hilo ni la jimbo moja la kaskazini mwa Mexico. Wasafiri wa Marekani waliovuka mpaka katika karne ya 19 waliwanunua mbwa hao huko na kurudi nao kwao, wakawaita kwa jina la mahali walipowapata.

Asili yake ni ya kale zaidi. Kabla Wahispania hawajafika Mexico, wenyeji wa huko walifuga mbwa wadogo, na vinyago vya udongo vyenye sura ya mbwa vimefukuliwa makaburini. Wataalamu waliochunguza damu ya mbwa wa leo wamegundua kwamba mbwa wa kale wa Amerika karibu wote walitoweka baada ya wageni kuleta mbwa wao kutoka Ulaya. Hata hivyo, katika baadhi ya chihuahua mna alama ndogo ya ukoo huo wa zamani. Kwa hivyo si kichezeo kilichobuniwa juzi kiwandani, bali ni mnyama mwenye historia.

Chama cha mbwa cha Marekani kilimwandikisha chihuahua wa kwanza mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa kanuni za chama hicho, mbwa huyu hatakiwi kupita ratili 6, yaani takriban kilo 2.7. Mwenye kutaka kuelewa ukubwa huo na ainue pakiti ya unga wa ugali ya kilo mbili. Huyo ndiye chihuahua aliyekomaa. Mwaka 2023 shirika la kumbukumbu za Guinness lilimtambua chihuahua mmoja wa Florida, aitwaye Pearl, kuwa mbwa mfupi kuliko wote walio hai duniani. Urefu wake kutoka chini hadi mabegani ulikuwa sentimita 9.14, ufupi unaokaribia wa kalamu ya risasi iliyochongwa nusu.

Tabia yake

Wengi hudhani mbwa mdogo ni mpole. Chihuahua hajui kuwa yeye ni mdogo. Hubweka akisikia mlango, hubweka akiona mgeni, na akikabiliana na mbwa mkubwa yeye ndiye huanza matata. Kwa upande wa kulinda nyumba, ni kengele nzuri. Mwizi hatamwogopa, lakini mwenye nyumba ataamka.

Aghalabu huchagua mtu mmoja na kumfuata kila aendako, jikoni, bombani, hata chooni. Mtu huyo akimkaribia mwingine, mbwa huona wivu na pengine hunguruma. Jambo hili huchekesha mwanzoni, kisha huwa kero. Dawa yake ni kumzoesha mapema, tangu akiwa kilebu, yaani mtoto wa mbwa. Watu wote wa nyumbani wamlishe kwa zamu, wageni wamwone, na asisifiwe anapobweka bila sababu. Mwenye kumchekea akinguruma kwa kuwa ni mdogo anamfunza kuuma.

Pia hutetemeka. Anaweza kutetemeka kwa baridi, kwa hofu, kwa furaha au kwa ugonjwa. Mwenye mbwa hana budi kujifunza kutofautisha. Akitetemeka huku anacheza na kula, hana neno. Akitetemeka huku amelegea, soma sehemu ya chakula hapa chini.

Jambo la mwisho kuhusu tabia yake ni umri. Chihuahua aliyetunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 12 hadi 16. Mtoto anayeingia darasa la kwanza leo huenda akamaliza shule yote na mbwa bado yuko mlangoni. Si zawadi ya Krismasi ya kuisha Januari.

Jua na mabati

Isiolo iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100, mahali ambapo nyanda za juu zinamalizikia na jangwa linaanzia. Mchana joto hukaribia nyuzi 30 au kupita. Nyumba nyingi zimeezekwa mabati, na saa nane mchana ndani huweza kuwa moto kuliko nje.

Hapa ndipo uchaguzi wa aina ya mbwa unapokuwa muhimu kuliko uzuri wa picha. Pomeranian ana manyoya mazito ya tabaka mbili, kwa sababu asili ya jamaa zake ni nchi za baridi. Pekingese na pug wana pua bapa, na mbwa hujipoza kwa kuhema. Yule ambaye njia yake ya hewa ni finyu hushindwa kujipoza upesi. Kumleta mbwa wa namna hiyo Chechelesi ni kumtesa. Chihuahua mwenye manyoya mafupi ana nafuu. Pua yake ni fupi lakini si bapa, manyoya yake ni mepesi, na joto hulistahimili kuliko wenzake wa kupakatwa.

Nafuu si kinga, lakini. Mwili wa kilo mbili hupata joto haraka na hukaukiwa maji haraka. Awe na maji safi wakati wote, mahali pa kivuli penye upepo, na matembezi yake yawe asubuhi au magharibi. Usimfungie kamwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Ukimwona anahema bila kupumzika, ulimi umekuwa mwekundu sana, mate ni mazito na miguu inayumba, mpeleke kivulini, mlowanishe kwa maji ya kawaida, mpepee, kisha mkimbize kwa daktari wa mifugo.

Usiku na majira ya upepo mkali mambo hugeuka. Mbwa huyu hana mafuta ya kumkinga, kwa hivyo alale ndani juu ya blanketi kuukuu. Na mchana asiachwe uani peke yake. Mwewe anayebeba vifaranga hachagui. Kilebu wa miezi miwili anaweza kuwa na uzito usiofika hata kilo moja. Mbwa koko wa mtaani nao wanaweza kumuua kwa kumtikisa mara moja.

Chakula kidogo, mara nyingi

Tumbo la chihuahua ni dogo na akiba ya mwili wake ni ndogo zaidi. Kilebu akikosa chakula kwa saa chache, sukari ya damu yake huweza kushuka hadi akaanguka. Dalili ni kulegea, kutetemeka, kuyumba na macho kutotulia. Mpake asali au maji ya sukari kwenye ufizi, mfunike apate joto, kisha mwone daktari. Ndiyo sababu kilebu hulishwa mara nne kwa siku, na aliyekomaa mara mbili au tatu.

Anayesafirishwa kutoka Nairobi hadi Isiolo kwa matatu hukaa njiani nusu ya siku. Apewe chakula kidogo kabla ya safari na njiani, na maji kila gari linaposimama. Asiwekwe kwenye buti.

Kwa upande wa pili, kunenepa ni rahisi. Mbwa wa kilo mbili anahitaji takriban kalori 200 kwa siku. Chapati moja ya mafuta inaweza kupita hapo. Kipande ambacho kwa mbwa wa kulinda boma ni tonge la kuonja, kwa chihuahua ni mlo kamili. Nyama iliyochemshwa isiyo na mafuta mengi, yai, wali kidogo na mboga ni chakula kizuri, lakini afadhali kichanganywe na chakula cha mbwa kilichotengenezwa kiwandani ili apate madini yanayotakiwa. Asipewe vitunguu, chokoleti wala zabibu. Hivyo ni sumu kwa mbwa, na kwa mwili mdogo sumu kidogo inatosha. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka na kumchoma matumbo.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa kaskazini hawana budi kulishika. Mbwa anayekula maini na mapafu mabichi ya mbuzi au kondoo huweza kupata tegu mdogo sana ambaye mayai yake, yakimfikia binadamu, husababisha uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu. Ugonjwa huo uliwatesa sana wafugaji wa Turkana, hata shirika la AMREF likaanzisha kazi ya kuupiga vita huko tangu miaka ya 1980. Mayai hayo hukaa kwenye kinyesi na manyoya ya mbwa. Mbwa anayelala nje hapakatwi, lakini huyu mdogo hulala mapajani pa watoto na kuwaramba nyuso. Kwa hivyo matumbo ya mnyama yachemshwe vizuri kabla ya kumpa, apewe dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari, na watoto wanawe mikono kabla ya kula.

Dawa ya ng'ombe si yake

Isiolo ni mji wa mifugo. Tangu zama za ukoloni wanyama kutoka kaskazini walikuwa wakizuiliwa hapo kwenye karantini kabla ya kupelekwa sokoni kusini, na hata leo kuna eneo linaloitwa LMD, herufi za idara ya zamani ya serikali iliyoshughulikia soko la mifugo. Maduka ya dawa za wanyama si haba, na katika nyumba nyingi hukosi chupa ya dawa ya kuogeshea mbuzi au ya kudunga ng'ombe.

Hapo ndipo hatari ilipo. Kupe huwapata mbwa na kuwaambukiza maradhi ya damu, na mwenye mbwa akiona kupe hukimbilia chupa iliyo karibu. Dawa nyingi za kuogeshea ng'ombe zina kemikali iitwayo amitrazi. Kwa chihuahua dawa hii imekatazwa waziwazi, kwani mwili wake hauivumilii. Anaweza kulegea, mapigo ya moyo yakapungua, na akafa. Kadhalika sindano ya aivamektini iliyotengenezwa kwa ng'ombe wa kilo 300 haipimiki kwa macho ili ifae mbwa wa kilo mbili. Tone moja la ziada ni dozi ya mara kadhaa.

Dawa za watu nazo ziwekwe mbali. Vidonge vya maumivu ambavyo humponya mama kichwa vinaweza kumuua mbwa huyu. Kupe wachache watolewe kwa kibano, mmoja mmoja, na dawa inunuliwe kwa kipimo cha mbwa wa uzito wake. Kabla ya yote mwulize daktari aliyesajiliwa na bodi ya madaktari wa mifugo, na umtajie uzito wa mbwa na aina yake. Usiseme tu "nina mbwa".

Magoti, meno na uzazi

Maumbile ya chihuahua yana kasoro zake. Pia ya goti huteguka, na utamwona anakimbia kwa miguu mitatu kisha anaendelea kama kwamba hakuna kitu. Asirukeruke kutoka kwenye viti virefu. Njia yake ya hewa shingoni ni dhaifu. Akifungwa kamba shingoni na kuvutwa, hukohoa kama bata anayelia. Afungwe mkanda wa kifuani. Wengi wana utosi usiofunga kabisa, kama wa mtoto mchanga, na kofi dogo la kichwa linaweza kumdhuru. Meno hujazana katika kinywa kidogo na kuoza upesi, kwa hivyo yapigwe mswaki laini bila dawa ya meno ya watu.

Uzazi ndio mtihani mkubwa. Kichwa cha kilebu ni kikubwa na nyonga za mama ni ndogo, na si nadra mama kuhitaji kupasuliwa ili azae. Mwenye kufikiria kufuga ili auze vilebu ajiulize kwanza: usiku wa manane mbwa akishindwa kuzaa, daktari wa kumpasua yuko Isiolo, ama ni safari ya Meru au Nanyuki? Zaidi ya hayo, jike akiwa kwenye joto na dume wa mtaani akampata, vilebu huweza kuwa vikubwa kuliko tumbo lake, na huo ukawa mwisho wake. Kwa wengi njia bora ni kumfunga uzazi akiwa na afya.

Watoto wadogo

Wazazi hununua mbwa huyu kwa ajili ya watoto, kumbe mtoto wa chini ya miaka minane ndiye asiyemfaa. Mtoto hukumbatia kwa nguvu, huangusha na kukanyaga. Mbwa akianguka kutoka mikononi mwa mtoto aliyesimama, mguu huvunjika. Naye akiumia au akiogopa huuma, na uso wa mtoto ndio ulio karibu.

Kanuni ni rahisi. Mtoto akae chini ndipo apewe mbwa. Asimguse akila wala akilala. Mtu mzima awepo. Watoto wakubwa wapewe kazi: huyu maji, yule chakula, mwingine kufagia kinyesi. Kwa njia hiyo watajifunza kwamba mnyama si kichezeo, na hilo ni fundisho litakalowafaa hata wakipewa mbuzi.

Jirani na dini

Chechelesi si mtaa wa kuta ndefu na walinzi getini. Nyumba zimekaribiana, ua na bomba huenda ni vya wengi, na majirani ni Waislamu na Wakristo, Waborana, Wasomali, Waturkana, Wameru na wengineo. Jamaa inayofuga mbwa ndani ya nyumba haimfugi peke yake.

Kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi nchini, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba ameruhusiwa. Wa kupakatwa ndani ya nyumba ni jambo jingine. Kwa jirani anayejitayarisha kwenda kuswali, mbwa mdogo anayekimbilia kila mgeni na kumlamba miguu ni usumbufu mkubwa kuliko mbwa mkubwa aliyefungwa. Wahenga hawakukosea waliposema ukicheza na mbwa atakufuata msikitini.

Dini hiyo hiyo, lakini, hufundisha huruma kwa wanyama. Ni mashuhuri hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani, akateka maji kwa kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akifa kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Kwa hivyo jirani hakatai mbwa asiteswe. Anachotaka ni heshima.

Heshima hiyo huanza kwa neno. Kabla mbwa hajafika, mama wa nyumba aende kwa jirani, amwamkue, aseme: "Mama Abdi, watoto wameniletea mbwa mdogo. Nitamfungia kwangu, bombani hatafika. Akikusumbua niambie, usininyamazie." Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo: ajenge kijiwigo mlangoni, vyombo vya mbwa visioshewe bombani pa wote, kinyesi kizolewe kila siku, na makelele ya usiku yakomeshwe. Mgeni akibisha hodi, mbwa awekwe chumbani kwanza. Anayeishi katika ploti ya kupanga apate kwanza idhini ya mwenye nyumba.

Kichaa hakitazami ukubwa

Tumefika kwenye jambo zito kuliko yote. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini Kenya mara ya kwanza mwaka 1912, katika mbwa wa viungani mwa Nairobi, na hakijaondoka. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huo kila mwaka ulimwenguni, wengi wao katika Afrika na Asia. Makadirio ya Kenya hufika watu 2,000 kwa mwaka. Katika visa 99 kwa kila 100 vya binadamu, aliyewaambukiza ni mbwa, na watoto wa chini ya miaka 15 ni sehemu kubwa ya wanaoumwa.

Watu huona jino la mbwa mkubwa wakaogopa, lakini la chihuahua hulicheka. "Ni kichubuko tu," husema, na kupaka majivu. Kumbe virusi vimo kwenye mate, na mate hayapimwi kwa ukubwa wa mdomo. Mbwa mdogo aliyetoka nje akaumwa na mbwa koko mwenye kichaa huleta ugonjwa huo hadi kitandani pa mtoto, kwa kuwa yeye ndiye anayeruhusiwa kulala hapo.

Chanjo ya kichaa hutolewa mbwa anapofika miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Wataalamu wanasema asilimia 70 ya mbwa wa mahali wakichanjwa, ugonjwa hukatika. Kwa hivyo kampeni ya chanjo ikifika mtaani, apelekwe huyu mdogo pamoja na mbwa wa boma. Cheti kihifadhiwe. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, utoaji leseni za mbwa na ustawi wa wanyama ni kazi ya serikali ya kaunti, basi ulizia ofisi ya mifugo ya kaunti kuhusu chanjo na leseni.

Mtu akiumwa, au akichubuliwa tu, na mbwa yeyote, haya ndiyo ya kufanya. Osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usikifunge kwa nguvu, usikipake majivu wala mafuta ya taa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukadungwe chanjo, na uimalize ratiba yote hata kidonda kikipona. Mbwa asiuawe ovyo. Afungwe na kuangaliwa kwa siku 10 chini ya uelekezi wa ofisi ya mifugo. Ugonjwa ukishaanza kumwonyesha mtu dalili, karibu hapana anayepona. Kabla ya dalili, chanjo huokoa. Tofauti kati ya mambo hayo mawili ni sabuni na safari ya hospitali.

Kabla ya kutoa pesa

Baadhi ya wauzaji hutangaza chihuahua wa "kikombe cha chai", wakidai ni aina ya pekee. Hakuna aina hiyo. Ni chihuahua waliozaliwa wadogo kupita kiasi, au waliotengwa na mama mapema, na wengi huwa wagonjwa. Usitume pesa kwa picha. Nenda umwone kilebu pamoja na mamake, hakikisha amefika majuma manane au zaidi, macho yake ni makavu, hakohoi, na ana kadi ya chanjo iliyotiwa sahihi na daktari. Bei ya kumnunua ndiyo ndogo. Hesabu pia chakula, dawa na daktari kwa miaka zaidi ya kumi.

Walioshindwa kufanya hesabu hiyo si sisi wa kwanza. Huko Marekani, filamu na watu mashuhuri waliobeba chihuahua mikobani waliwafanya watu wengi wawanunue katika miaka ya 2000. Mwaka 2009 na 2010 makao ya kuhifadhi mbwa waliotupwa ya California yalikuwa yamejaa chihuahua hata baadhi wakasafirishwa kwa ndege hadi majimbo mengine wakatafutiwe wenyewe. Isiolo haina makao kama hayo. Chihuahua akitupwa Chechelesi, hatapona wiki.

Kwa hivyo msomaji, kaa chini na jamaa yako mjiulize. Je, mna chumba chenye hewa mchana? Kuna mtu anayeshinda nyumbani? Mtoto mdogo ana umri gani? Jirani amesema nini? Mkijibu vizuri maswali hayo, chihuahua mwenye manyoya mafupi atawapa furaha, uaminifu na kelele nyingi kwa miaka. Mkiona bado, hapana aibu. Chukueni kilebu wa kienyeji, mumchanje, mumpe kivuli, maji na jina. Huyo ameshazoea jua la Isiolo, na mapenzi yake si madogo.